Mtoto Aliyesoma Herufi Zote

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha uani,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Nianze na kifua chako, maana mara ya mwisho kwenye simu ulikuwa unakohoa kila baada ya maneno mawili na kunidanganya kwamba ni baridi ya huko tu. Umepona? Na yule bibi unayemtunza, bado anakuamsha usiku kucha? Namwombea usingizi mzito, ili na wewe uambulie wako.

Sisi huku tupo. Mama magoti yanamsumbua, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Asubuhi ya leo amegombana na redio kwa sababu msoma habari alimeza maneno. Paa la jikoni tuliliziba pale lilipokuwa linavuja, na sasa linavuja upande wa pili. Ndiyo maisha yetu, hakuna geni.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Amekuletea jirani yetu fundi cherehani, anayekuja huko kumwona bintiye. Jumapili iliyopita nilikupigia nikiwa nimejiandaa kabisa kukueleza. Ulipopokea ulikuwa unacheka, umetoka kununua koti, unanisimulia vifungo vyake. Mama amekaa ubavuni kwangu, mwanao ananivuta mkono nimpe simu akusalimie. Nikashindwa. Nikazungumzia mvua. Kwa hiyo dada, tafuta mahali ukae kwanza. Hakuna aliyekufa. Lakini kaa.

Habari hii ni ya mwanao.

Tangu uondoke nilihamishwa wodini, nikapelekwa kwenye kikosi cha wauguzi wanaozunguka mashuleni. Tunapima uzito, kimo, meno, masikio na macho. Kazi ina kanuni zake, na tunazishika kama sala. Mtoto hapimwi mpaka mzazi au mlezi aridhie. Jicho lisilopimwa linafunikwa kwa kadi, si kwa vidole, maana watoto ni mafundi wa kuchungulia. Aliyeshindwa anapimwa tena siku nyingine kabla ya kupewa rufaa ya hospitali, huenda siku ile alikuwa na njaa au woga tu. Na nesi hampimi mtoto wa nyumbani kwake. Ni kanuni nzuri, zimetungwa na watu wanaowajua watoto. Nakuambia mapema usije ukadhani nina kinyongo nazo.

Mwezi uliopita zamu ikaiangukia shule ya mwanao, Kifaru wetu. Jina hilo kwa sasa linanikwama kooni, lakini sina jingine la kumwita, na wewe ndiye uliyempa, siku alipojipigiza kwenye beseni la vyombo akiwa ndiyo kwanza anajua kukimbia. Mama aliridhia kama mlezi wake. Mimi nikakaa kwenye chumba cha mizani, na nesi mwenzangu akapima macho barazani, chati ya herufi ikiwa imetundikwa ukutani na mstari wa chaki umechorwa sakafuni.

Nilimsikia kutoka ndani. Dada, alisoma kama anaimba! Jicho la kulia mpaka mstari wa mwisho. La kushoto mpaka mstari wa mwisho. Akamalizia na jina la kiwanda, lile lililochapwa chini kabisa kwa herufi kama mayai ya mchwa, ambalo mimi mwenyewe silioni. Foleni nzima ikacheka. Mwenzangu akaandika kwamba macho ni mazuri, hana haja ya kuonwa tena, na kwa kanuni hakukosea hata nukta. Mimi huko ndani nilikuwa natabasamu peke yangu. Nikasema huyu ni wetu.

Kisha akaingia kwangu. Chumba chenyewe ni stoo ya madawati mabovu, dirisha moja, na hilo moja limezibwa nusu. Wenzake waliingia wakitokea juani, wakapepesa macho kidogo, wakaja moja kwa moja. Yeye alisimama mlangoni. Akatanguliza mguu mmoja kama mtu anayepima kina cha maji, akauvuta wa pili, kisha akatembea mbele na kuivamia mizani. Mizani ni nyeupe, dada, inanifika kiunoni. Ilianguka, naye akaanguka juu yake.

"Kifaru! Kifaru!" watoto wakashangilia mlangoni.

"Ndivyo alivyo huyu, nesi," mwalimu wa darasa akasema. "Haangalii anakokwenda. Wiki jana kamwaga rangi yote ya ukutani, nikamsimamisha juani ajifunze."

Mwanao akainuka akicheka. Alicheka kabla ya wengine kumaliza, kwa sauti kubwa kuwazidi wote, na mimi nilikuwa nimekwisha kukisikia kicheko hicho mara nyingi sana hapa nyumbani. Miundi yake naifahamu, mimi ndiye ninayeifunga bandeji. Imejaa makovu, jipya juu ya la zamani. Siku zote tulisema ni utundu.

Wakati wa mapumziko nikamwita. Nikamkalisha mbele yangu, magoti yetu yakigusana.

"Nitazame puani," nikamwambia. "Usipeleke macho kokote. Ukiona kidole changu kinakuja, sema sasa."

Nikakileta kidole polepole kutokea upande wa sikio lake. Wewe au mimi tungekiona kikiwa bado huko kando. Yeye kimya. Kikapita shavu. Kimya.

"Hukioni?"

"Bado hujakileta, mama mdogo."

Aliposema "sasa", kidole kilikuwa karibu kiniguse pua mimi. Nikajaribu upande wa pili, vilevile. Nikajaribu kutokea juu, kutokea chini, nikarudia taratibu zaidi nikitumaini nimekosea mimi. Mtoto anaona, tena anaona hata herufi za mchwa, lakini anaona pale tu anapotazama. Kando yake hakuna kitu.

"Mpira ukija unauona?" nikamuuliza.

"Unatokea tu. Unatoka hewani. Ndiyo maana nimeacha kudaka."

Sikujua hata kwamba ameacha kuwa golikipa, dada. Alikuwa anatoka na viatu vyake kila jioni, kumbe anakwenda kukaa pembeni na kutunza nguo za wenzake.

"Na giza likiingia, unatembeaje?"

"Nashika ukuta."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akanitazama kama vile nimeuliza swali la kipumbavu. "Nikuambie nini? Si kila mtu anashika ukuta kukiwa na giza?"

Nilimpeleka hospitali kubwa. Daktari wa macho ni mama mmoja mpole, mwenye sauti ya chini, hana haraka. Alimtia matone, akamwingiza kwenye chumba cha giza, akamulika na kumulika. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikiutazama mgongo wake, nikitafuta humo jibu. Alipomaliza alimtoa mtoto nje akakae mapokezi, akafunga mlango, na kwa kule kufunga mlango nikawa nimejua. Mimi ni nesi. Nimeifunga milango hiyo mara nyingi.

Nakueleza kama alivyonieleza, bila kupunguza. Nyuma ya jicho kuna ukuta unaopokea mwanga. Wa mwanao unakufa, na unakufa ukianzia pembeni ukija katikati. Katikati bado ni pazima, ndiyo maana anasoma. Miwani haitasaidia. Upasuaji hakuna. Dawa hakuna, huku wala huko uliko, nilimuuliza hilo kabla hujaniuliza wewe. Itachukua miaka, hawezi kusema mingapi. Anaweza akamaliza shule bado anasoma kitabu. Lakini tundu analochungulia litazidi kuwa dogo, na akiwa mtu mzima asitegemee macho.

Kisha akaniuliza kama upande wetu kuna mwanamume aliyekuwa haoni gizani. Nikasema hakuna. Akaniambia nifikiri vizuri, asiwe baba yetu, awe wa upande wa mama. Ndipo nikamwona mjomba, kama vile ameingia pale na kofia yake.

Unamkumbuka. Mjomba wetu fundi saa. Mchana anashika skrubu ndogo kama punje ya mchanga na haimponyoki. Jua likizama anapepesuka njiani, anakanyaga mashimo, anapita mbele ya watu bila salamu, na mtaa mzima unasema tayari, kashalewa huyo. Tulikuwa tukimwigiza, mimi na wewe, tukitembea kwa kuyumba uani mpaka tunaanguka kwa kicheko. Na lori lilipomgonga magharibi ile, waliokuja kumzika nasi walikaa kwenye viti vyetu wakasema pombe imemmaliza.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Mama anakunja nguo. Nikamwuliza bila kuzunguka kama mjomba alikuwa anakunywa.

Hakuinua uso. Aliendelea kukunja shati lile lile, akalikunjua, akalikunja tena.

"Kaka yangu hakuonja hata tone," akasema. "Nilimfulia nguo, nilimtengea chakula, nilikaa naye karibu. Ningeisikia harufu. Mimi nilijua hanywi."

"Na watu walipomwita mlevi?"

"Niwaambie nini? Sikuwa na neno jingine la kuwapa." Kisha akasema kitu kinachonikaa kichwani mpaka sasa: "Yeye mwenyewe mwishoni aliacha kubisha. Aliniambia, waache waseme mlevi, mlevi angalau wanamsindikiza nyumbani."

Nikamwambia ugonjwa ni upi na ni wa nani sasa. Nilimwambia yote, isipokuwa moja, nalo nakuandikia wewe. Unapita kwa wanawake na kuwakamata wanaume. Mwanamke anaubeba bila kujijua, anamzaa mtoto wa kiume, na huenda ukampata au ukampita. Mama aliubeba. Wewe umeubeba. Daktari alirudia kwamba si kosa la mtu, na mimi naliandika kwa wino: si kosa lako, dada. Lakini sijui nitamwambiaje Mama kwamba alimzika kaka yake kwa jambo hilo, na yeye ndiye daraja lililompitishia mjukuu. Labda simwambii. Tangu siku ile hamwambii tena mtoto aangalie anakokwenda. Anatangulia kimya kimya mbele ya mtoto, anaondoa ndoo, anaondoa viatu, anasukuma kigoda ukutani, na magoti yale.

Najua unachotaka kuuliza, na una haki. Ndiyo, mwanangu naye ni wa kiume, nilimpeleka akaangaliwe. Sikumpima mimi, kwa mara ya kwanza maishani nilishukuru kuna kanuni ya kunizuia. Daktari alimwangalia akasema ukuta wake ni safi, hana dalili yoyote, arudi mwakani kuangaliwa tena. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za hospitali nikalia kwa furaha. Halafu nikamwona mwanao amesimama chini pale, anatafuta ngazi ya kwanza kwa ncha ya kiatu. Furaha ile naionea haya, dada, lakini ilikuwepo, na sipendi uisikie kwa mtu mwingine.

Kazini nako hakukwenda vizuri. Nilikwenda kwa msimamizi wetu wa wauguzi nikiwa na ombi moja dogo. Nilitaka pale mzazi anaporidhia, aulizwe pia kama mtoto hujikwaa giza linapoingia. Swali moja tu, na wale wa "ndiyo" wajaribiwe kwa kidole.

"Huyu mtoto ulimpima kama nani?" akaniuliza kwanza.

"Kama mama yake mdogo."

"Basi hukumpima." Alisema bila hasira. Si mtu mbaya, miguu imemvimba kwa kusimama kama yangu. "Kanuni hatuzitungi hapa. Kazi yetu ni kuwachuja wanaohitaji miwani, na hao hatujawamaliza. Watoto wote hujikwaa. Ukiuliza swali hilo, utapata shule nzima."

"Na yule mmoja?"

"Yule mmoja ukimpata, utampa nini? Dawa ipo?"

Nikamuaga nikatoka. Jibu lilinijia nikiwa nimeshafika kituoni nangoja usafiri, na halikuwa na wa kuambiwa: angekuwa hajasimamishwa juani kwa rangi iliyomwagika. Ni hilo tu. Ni dogo, najua. Kanuni imebaki ilivyokuwa. Juzi nilikuwa shule nyingine, nikafunika macho ya watoto kwa kadi tangu asubuhi, na kila aliyesoma mstari wa mwisho nikaandika kwamba macho ni mazuri, mkono ukiwa mzito. Nawatazama wanavyotoka mlangoni. Siwezi kuacha kuwatazama.

Mwalimu wa darasa nilimfuata na kumweleza. Aliketi chini kwenye dawati la mtoto, mtu mzima yule, akashika kichwa. Sasa amemhamishia mwanao karibu na dirisha na amewakataza wenzake kuacha mikoba njiani. Ameniambia pia kuna shule wanakofundisha kusoma kwa vidole, zile nukta, na kwamba ni rahisi kuzijifunza mtu akiwa bado anaona. Nimezibeba habari hizo mpaka nyumbani na sijazifungua kwa mtu. Kumfundisha mtoto nukta ni kumwambia kwa nini.

Na hapo ndipo nilipokwama. Kanuni yetu inasema matokeo aambiwe mzazi kwanza, na mzazi ndiye aamue mtoto aambiwe nini na nani. Nimeizungusha kichwani nikitafuta upenyo, lakini nafsi yangu inakubaliana nayo. Mwanao hajui kitu. Anajua tu kwamba alitiwa matone na kwamba tunasubiri. Ukitaka nimwambie mimi, nitamwambia. Ukitaka umwambie kwa simu, nitakaa naye nimshike. Ila kama kuna namna yoyote ya kumwomba yule bibi na watoto wake wakuruhusu, hata kwa muda mfupi, njoo. Sisemi uje kwa ajili ya ugonjwa, ugonjwa utakungoja. Uso wako bado anauona wote. Njoo auone.

Mama anakusalimu, anasema uvae soksi mbili. Shangazi wa ng'ambo ya mto alikuja kututembelea, naye anakusalimu sana, bado haamini kwamba umejifunza lugha ya huko. Mwanangu anakuuliza kama huko kuna nyani. Nawe nisalimie huyo bibi, pamoja na rafiki yako mpishi wa jengo la jirani, nashukuru sana anavyokuangalia.

Kifaru naye amenituma. Jirani yake wa dawati alishindwa kusoma chati, amepewa miwani, na sasa darasa zima linaionea wivu. Yeye ana hakika daktari atampa yake, ameshaamua iwe na fremu nyeusi, pana. Nilipomwambia nakuandikia, alikaa kando yangu akafikiri, kisha akasema: "Mwambie mama asihangaike kuniletea viatu tena. Aniletee miwani ya huko, ya huko huwa inaona mbali."

Nimemwahidi nitaandika, na nimeandika.

Mungu akukalie karibu unapoisoma barua hii, akupe mtu wa kukushika mkono, na akurejeshe kwetu salama.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
mama mdogo wa mwanao.